Mukanda, Hata Mufupi

Katika soko la mtaa wa Kenya, ambao si nchi ile ya mashariki, miaka ile mji wake ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, mtu aliyetaka kumchokoza Fundi Feruzi hakuhitaji tusi. Ilitosha asimame mbele ya kibaraza chake na kuomba mukaba.

"Mukaba ni kintu gani?" Feruzi angeuliza bila kuinua macho. "Hapa tunashona mukanda."

Mji mzima ulisema mukaba. Wachimbaji, mapolisi, makarani na wapishi wa Wazungu, wote walifunga suruali zao kwa mukaba, na kila mmoja wao aliyefika kwa Feruzi alisahihishwa kwanza kabla ya kupimwa kiuno. Alikuwa ametoka Kasongo, Maniema, mwaka 1926, kijana wa miaka ishirini na miwili, na maneno ya nyumbani kwao aliyahifadhi kama mkulima anavyohifadhi mbegu, yasichanganyike na za jirani. Watu walimwita Baba Mukanda. Wengine walilitamka jina hilo kwa heshima, wengine kwa kicheko, naye aliwaitikia wote kwa sauti moja.

Kazi alijifunza kwa Mgiriki mmoja, Constantin, aliyekuwa na karakana ya matandiko ya farasi mjini. Constantin hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alimtandazia ngozi nzima ya ng'ombe sakafuni, akamvua viatu, akamwambia atembee juu yake huku na huku mpaka nyayo zijue. Feruzi alitembea. Mgongoni ngozi ilikuwa kama ubao. Shingoni ilikuwa na mikunjo, mahali mnyama alipogeuza kichwa maisha yake yote. Tumboni ilibonyea na kuvutika, kwa sababu tumbo hujaa na kupungua, na ngozi haisahau. Tangu siku hiyo Feruzi hakukata mkanda wa tumbo la ng'ombe, hata mteja alipouomba kwa kuwa ni rahisi.

Unene aliupima kwa kitana.

Kilikuwa kitana cha mti mweusi, kilichochongwa kwa kisu huko Kasongo, mali ya mkewe Habiba. Kwa kuwa kilichongwa kwa mkono, hakuna mianya miwili kati ya meno yake iliyolingana. Habiba alipofariki alimwachia binti wa miaka sita, Alima, na kitana hicho. Kwa siku nyingi Feruzi alikaa nacho kibarazani, akikigeuza mikononi bila kujua akifanyie nini, mpaka siku moja, bila kufikiri, akaingiza ukingo wa ngozi kati ya meno yake. Ukaingia. Akajaribu mwanya wa pili, ukapwaya. Kuanzia hapo hakutumia kipimo kingine. Ngozi iliyoingia mwanya wa kwanza ilikuwa ya wanawake na ya nguo za Ijumaa. Ya mwanya wa kati ilikuwa ya suruali ya kila siku. Mwanya wa mwisho, mahali jino lilipokuwa limevunjika, ulikuwa wa watu wa mgodini, ambao viuno vyao vilibeba taa, nyundo na uzito wa siku nzima chini ya ardhi. Mikanda hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa Feruzi jina. Sokoni walitania kwamba mtu akifa, ndugu hugawana kwanza mkanda wa Feruzi, ndipo wanakumbuka nyumba.

Alima alikua kando ya ngozi hizo. Feruzi alimfundisha kusoma herufi za Kiarabu, kama yeye alivyofundishwa, na bila kukusudia akamfundisha pia unene. Akiwa na miaka kumi msichana yule aliweza kufumba macho, akabana ngozi kati ya vidole viwili na kusema: wa kwanza, wa kati, wa mwisho. Hakukosea.

Mwaka 1949 alikuja kijana wa Kipushi, kwenye mgodi wa jirani, aliyeitwa Mutale, akaagiza mkanda wa mwanya wa mwisho. Baada ya mwezi alirudi kuomba tundu liongezwe. Akarudi tena. Mara ya tano soko zima lilikuwa limeelewa, isipokuwa fundi. Kama Mutale angekuwa anakonda kwa kadiri ya matundu yale, angekuwa amekwisha kuzikwa. Na yeye alikuwa ananenepa. Feruzi alitoboa kila tundu kwa uangalifu, akamshauri ale vizuri. Alima, aliyekuwa akipaka nta kwenye uzi, aliinamisha uso.

Siku Alima alipomwambia baba yake kwamba ataolewa na Mutale, na kwamba Mutale ni Mkristo na hatabadilika, Feruzi alikuwa ameshika mkanda aliotoka kuumaliza. Hakuwahi kumpiga mtoto yule. Hata yeye mwenyewe baadaye hakuweza kueleza mkono uliinuka vipi. Mkanda ulishuka mara moja, begani.

Alima hakulia. Alishika bega lake, akamtazama baba yake, akasema taratibu: "Ya mwisho, baba."

Alikuwa ametaja unene.

Wiki hiyo hiyo akaenda Kipushi. Feruzi aliutundika mkanda ule kwenye msumari ukutani na hakuuuza, ingawa wateja waliuomba. Kutoka Kenya hadi Kipushi mtu mwenye baiskeli hufika kabla jua halijawa kali. Kwa miaka mitatu hakuna neno lililopita njia ile, kutoka upande huu wala ule.

Kisha, Alhamisi moja ya mwaka 1953, akaja Pierre.

Pierre alikuwa Muluba, muuza samaki wakavu, aliyezunguka kati ya mji na Kipushi na makapu mawili juu ya kinga yake, maana ndivyo watu wa mji ule wanavyoiita baiskeli. Aliiegemeza kwenye nguzo ya kibaraza, akajifuta jasho, akamsalimu fundi kwa heshima ya mtu mwenye ujumbe.

"Baba, natoka kwa Alima. Iko anaomba mukanda yako."

Feruzi aliacha sindano hewani.

"Mukanda?"

"Mukanda, baba. Asema hata mufupi. Isikuwe nzito. Lakini ikuwe ya mukono yako mwenyewe."

Sasa, Alima alikuwa amesema barua. Alimwomba Pierre amwambie baba yake kwamba anataka barua, maneno machache tu, yasiyo mazito, yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe na si wa karani, ajue kama bado ana baba. Lakini kwa Waluba barua ni mukanda, na Pierre aliubeba ujumbe kwa neno la kwao, kama mtu anavyobeba maji kwa kibuyu chake. Miaka yote hiyo Feruzi alikuwa amewasikia Waluba wa sokoni wakisema mukanda na wakimaanisha karatasi. Ila kibarazani pake, kati ya ngozi na nta, neno hilo lilikuwa na maana moja tu, na kwa miaka ishirini na saba alikuwa amepigana na mji mzima ili libaki na maana hiyo moja.

Aliuliza kama Alima ni mzima. Pierre alisema ni mzima. Kulikuwa na jambo jingine, lakini alikuwa amekatazwa kulisema, kwa hiyo akaanza kusifu samaki wake. Wakaagana mpaka Alhamisi inayofuata.

Feruzi hakutulia kazini siku zile. Binti yake ameomba mkanda. Kwa nini mkanda, kati ya vitu vyote? Alijiuliza kama ni wa Mutale, akaona sivyo. Wa Mutale ungekuja na kipimo, na usingekuwa mfupi. Mfupi ni wa kiuno chembamba. Ni wake mwenyewe. Na kwamba usiwe mzito: hapo moyo ulimshuka, kwa sababu alielewa, au alidhani ameelewa, anachoambiwa. Alima anamkumbusha ule uliokuwa kwenye msumari.

Siku ya kwanza, kwa mazoea, alikata ngozi ya mgongo, nzuri, isiyo na kovu. Aliingiza ukingo kwenye kitana, ukakaa vizuri kwenye mwanya wa kati. Aliishika mkononi, akaiona jinsi inavyosimama yenyewe bila kulegea. Ngozi ya namna ile, ukiifunga kiunoni ni mkanda. Ukiishika upande mmoja ni kitu kingine. Akaiweka kando.

Siku ya pili alichukua ngozi ya mbuzi, nyembamba, iliyopita mwanya wa kwanza bila kugusa meno. Ilimwagika juu ya goti lake kama kitambaa. Lakini hapo fundi ndani yake alikataa. Ngozi ya mbuzi peke yake huvutika. Baada ya miezi miwili ingekuwa imepinda kama mlenda unaoning'inia kwenye mwiko, na matundu yangekuwa macho yaliyotumbuka. Angewezaje kumpelekea Alima, anayejua ngozi kwa vidole, mkanda utakaokufa kabla ya mvua? Mnene unapiga. Mwembamba haudumu. Alikaa katikati ya mambo hayo mawili mpaka muuza mkaa wa jirani alipomuuliza kama ni mgonjwa.

Siku ya tatu alirudi kwenye zile nyayo zake za ujanani. Alichagua ngozi ya ndama, akakata vipande viwili kando ya uti wa mgongo, kimoja kushoto na kimoja kulia, akavikwangua kwa upande wa ndani mpaka kila kimoja kikaingia mwanya wa kwanza kwa shida kidogo tu. Kisha akavigandisha kwa gundi, nyama kwa nyama, uso wa ngozi ukiwa nje pande zote mbili, na kimoja akakigeuza kichwa chini, ili pale ambapo kimoja kingetaka kuvutika kingine kikatae. Akashona mistari miwili kwa uzi wa nta, mishono midogo kiasi kwamba alihitaji kukaa juani. Ncha ya bizimu aliipunguza zaidi, ikunjike bila kuvimba. Kingo akazisugua kwa nta na kipande cha mti mpaka ule mstari wa kuunganishwa ukapotea.

Ulikuwa mkanda imara. Ulikunjika kama utepe.

Hata hivyo hakuamini. Akasimama, akaondoa ule mnene kwenye msumari, akajipiga nao begani, mara moja, kwa nguvu ile ile aliyoikumbuka. Alikaa chini kidogo. Kisha akachukua ule mpya, akajipiga mahali pale pale. Ukajikunja hewani, ukamgusa kama mkono wa mtu anayemwamsha. Muuza mkaa aliyaona yote hayo na jioni alimwambia mkewe kwamba ngozi zimempanda mzee kichwani.

Urefu aliukadiria kwa kumbukumbu: kiuno cha Alima kilikuwa shibiri tatu na nusu za mkono wake. Akatoboa matundu matano, akaufunga mkanda kwa karatasi ya kaki.

Alhamisi Pierre aliupima uzito ule mkononi, akashangaa kidogo. "Baba, umesema mengi," akasema.

"Nimesema vile ninaweza," Feruzi akajibu, akidhani kazi yake imesifiwa.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Feruzi alitoboa matundu mahali pasipotakiwa, akamwuzia askari mkanda wa mwanya wa kwanza, akasikia mtu akiomba mukaba na hakumsahihisha. Mteja yule ndiye aliyeeneza habari kwamba Baba Mukanda haumwi kichwa tu, anaumwa kweli.

Pierre aliporudi hakukaa kwenye kiti alichopewa. Aliichukua kofia yake mikononi.

"Baba, miye nilikosa. Alima aliomba barua. Kwetu barua ni mukanda. Nilisema mukanda."

Feruzi aliiweka sindano chini. Aliliona neno lake likisimama mbele yake kama mtoto aliyelelewa vizuri na akamwibia. Miaka mitatu binti alingojea maneno, na yeye amempelekea, badala ya maneno, kile kile alichompiga nacho.

"Alifanya aje?" akauliza hatimaye.

Pierre akaeleza. Alima aliifungua karatasi, akatafuta barua ndani, akaigeuza, akaitikisa. Hakuna. Akaushika mkanda. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akawaambia majirani kwamba baba yake ni yule yule, dunia yote inaweza kusema mukaba, yeye atakufa na mukanda. Baadaye alifumba macho, akaubana mkanda kati ya vidole viwili, akaupitisha wote, toka bizimu mpaka ncha.

"Akasema nini?"

"Akasema kintu miye sikuelewa. Asema: 'Ya kwanza, mara mbili.' Njo pale alilia."

Feruzi aligeuza uso kuelekea ukutani, pale penye msumari.

"Na alinipa hii," Pierre akasema.

Kilikuwa kipande cha uzi chenye vifundo viwili. Hapakuwa na fundi au mteja asiyejua maana yake. Watu wa mbali, wa Kipushi au wa vijijini, wasioweza kufika kupimwa, hujizungushia uzi kiunoni, wakafunga vifundo viwili pale ncha zinapokutana, wakautuma. Mkanda ule, basi, haukutosha. Feruzi alishika kifundo cha kwanza kwa kidole gumba, akaanza kuhesabu shibiri juu ya ubao wake. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye nusu ya nne alisimama, kwa sababu hapo ndipo binti yake alipoishia. Uzi uliendelea. Nne. Tano. Na vidole vitatu.

Akahesabu tena, akianzia upande wa pili.

"Huyu si Alima," akasema. "Huyu ni nani?"

Pierre aliangalia makapu yake ya samaki. "Alinikataza nisiseme, baba. Asema uzi utasema."

Feruzi alikuwa amepima viuno kwa karibu miaka thelathini. Alijua kiuno cha mlevi wa pombe na kiuno cha aliyetoka hospitali. Alijua pia kwamba mwanamke mwembamba hafikii shibiri tano na vidole vitatu kwa miaka mitatu ya ugali. Uliposema, uzi ulisema mara moja. Aliuzungusha kwenye vidole vyake, akauweka ndani ya kofia yake, akaivaa.

Mkanda wa pili haukumchukua muda. Unene alikuwa ameshaujua: wa kwanza, mara mbili. Matundu tu ndiyo aliyoyafikiria. Mikanda yake yote ilikuwa na matundu matano; huu aliutoboa tisa, yakishuka toka kipimo cha uzi mpaka shibiri tatu na nusu, ili umfuate atakaporudi kuwa yeye.

Barua ndiyo iliyomtesa. Alinunua karatasi, akachonga kalamu, akakaa nayo tangu sala ya asubuhi. Mkono uliozoea kuvuta uzi haukujua kuvuta sentensi. Alianza kwa salamu ndefu za kizamani alizofundishwa Kasongo, akaona ni nzito, akaichana. Alianza kwa kueleza siku ile ya bega, akaona anajitetea, akaichana. Karibu na alasiri alikumbuka alichoagizwa. Hata mufupi. Isikuwe nzito. Akaandika mistari mitatu, akaikunja mara nne kabla wino haujakauka vizuri.

Alhamisi alifunga kibaraza mchana kweupe, jambo ambalo soko halikuwa limeliona tangu mazishi ya Habiba. Pierre alihamishia samaki wote kwenye kapu moja la mbele, akamkalisha fundi nyuma ya kinga, juu ya gunia lililokunjwa. Walipopita sokoni watu waliuliza kama Baba Mukanda sasa anauzwa kwa kilo. Pierre alijibu kwamba huyu ni wa kukaanga polepole. Feruzi alishika kofia yake kwa mkono mmoja mpaka Kipushi.

Kwenye kambi ya wafanyakazi, Alima alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja nyuma ya kiuno, tumbo likimtangulia. Alikuwa kama uzi ulivyosema. Nyuma yake alisimama Mutale, aliyetoka kazini, na suruali yake ilikuwa imefungwa kwa mkanda wa mwanya wa mwisho wenye matundu kumi, mengi yasiyo na kazi.

Feruzi alishuka kwa shida, miguu ikiwa imekufa ganzi. Akatoa mkanda mfukoni.

"Nimekuletea mukaba," akasema.

Pierre, aliyekuwa akiegemeza kinga ukutani, aligeuka. Alima naye alisikia. Aliutazama mdomo wa baba yake.

"Unasema aje, baba?"

"Mukaba." Kisha akavua kofia, na kutoka ndani, pamoja na uzi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mukanda ni hii."

"Iko murefu?"

"Mufupi."

Alima alichukua karatasi kwanza. Alisoma mistari mitatu akiwa amesimama, akairudia, midomo ikisogea kama alipokuwa mtoto akisoma kibarazani. Baba yake alingoja na mkanda mikononi. Alipomaliza aliiingiza barua ndani ya nguo, upande wa bega, akainua mikono yote miwili pembeni, kama wateja wafanyavyo, apimwe.

Feruzi akauzungusha. Ulifunga kwenye tundu la kwanza. Mengine manane yalibaki yakingoja.